Jua Halizami Baharini Kunduchi

Wapenzi wawili wamekaa mchangani Kunduchi. Upepo unavuma, kijana anamvisha binti pete, na mbele yao jua jekundu linazama taratibu baharini. Picha hii nimeikuta kwenye hadithi za mtandaoni, kwenye miswada ninayoombwa kuipitia, hata kwenye vitabu vilivyopita mikononi mwa wahariri. Ni picha nzuri. Tatizo lake ni moja tu: haiwezekani.

Pwani yetu inatazama mashariki. Ukisimama Kunduchi ukaangalia bahari, unaona kisiwa cha Mbudya, na nyuma yake maji mpaka macho yachoke. Huko ndiko jua linakochomoza asubuhi. Jioni linakuwa nyuma ya mgongo wako, juu ya Tegeta ninakokaa mimi, na linazama upande wa Wazo, kiwanda cha saruji kilipo. Wapenzi wetu wakitaka kuliona inabidi wageuke, waipe bahari mgongo, waangalie mapaa ya watu na nguzo za umeme. Mwandishi aking'ang'ania kwamba lazima lizame majini, basi awapeleke Slipway, Msasani, maana ule upande wa rasi unatazama ghuba kwa magharibi. Au awapandishe boti wakakae Forodhani, Unguja. Njia zipo. Lakini ili uzitafute, kwanza ujue kwamba unazihitaji.

Kuna watakaosema hili ni kosa dogo, hadithi ni hadithi bwana, acheni kutusumbua. Ni kweli msomaji aliyeko Toronto hatashtuka. Atakayeshtuka ni binti wa Kunduchi Mtongani ambaye kila jioni anaanua nguo huku jua linampiga usoni kutoka upande wa barabara ya Bagamoyo. Yaani anayeshtuka ni yuleyule ambaye hadithi inadai kumhusu. Akifika kwenye lile jua, anaelewa mara moja kwamba mwandishi hakuja kwao, amepita tu akachukua jina la mahali. Kuanzia hapo anaisoma hadithi kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mimi ni mwandishi wa habari. Fani yetu ina lawama zake, lakini ina kitu kimoja ambacho watunzi wa hadithi hawana, nacho ni kesho. Gazeti likikosea jina la mtaa leo, kesho linaomba radhi kwenye kona ya ukurasa wa pili na maisha yanaendelea. Riwaya haina ukurasa wa kuombea radhi. Labda ndiyo maana baadhi ya watunzi wetu wazuri wamepitia kwenye magazeti. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima kule Zanzibar. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko kama wapelelezi wa Kiingereza, hilo halifichiki. Lakini mafumbo yake yanafunguka kwa nasaba na siri za familia, mambo ambayo watu wa Unguja huyazungumza barazani kwa sauti ya chini. Kiko alikiazima. Unguja hakuiazima kwa mtu.

Adam Shafi naye amefanya kazi ya habari. Riwaya yake ya *Kuli*, ya mwaka 1979, inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, na mgomo ule ulitokea kweli. Mgomo hakuubuni. Alichobuni ni watu wa kuupitia, matumbo yao, nyumba zao na hasira zao. Nadhani siri yote iko hapo, na ndiyo ninayotaka kuitetea: mambo ya kweli yakikaa sawa hayambani mtunzi. Yanampa pa kusimama, na mara nyingi yanampa kisa kizuri kuliko kile alichokuwa amekipanga.

Chukua mfano wa wakati. Alhamisi ya Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro. Tuseme unaandika hadithi ya familia ya Magomeni siku hiyo. Unawakalisha sebuleni, televisheni imewashwa, wanamwona Mwalimu Nyerere akitangaza msiba. Inasomeka vizuri kabisa, ila Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ndiyo waliokuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Magomeni waliisikia habari redioni.

Sasa angalia ulichokipoteza kwa kuwawekea televisheni. Umepoteza sauti isiyo na uso. Umepoteza majirani wanaosogea kwenye kibaraza cha yule mmoja mwenye betri mpya, watu kumi na tano wanakikodolea macho kijisanduku kisichoonyesha kitu, kwa sababu hawajui waangalie wapi. Umempoteza mama aliyeacha chungu jikoni na hajui kama apakue au azime moto. Haya yote ulikuwa unapewa bure na redio, ukayarudisha.

Mifano ya namna hii ni mingi. Kuna mhusika anayehonga kwa noti ya elfu kumi mwaka 1982, wakati noti hiyo ilikuja miaka ya 1990. Kuna kijana wa leo anayetoka Kahama na kushukia Ubungo, wakati tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yana kituo chao kikubwa Mbezi Luis. Utasema kituo ni kituo. Hapana. Mgeni anayeshuka Mbezi Luis usiku, simu imezima chaji, na mwenyeji wake anakaa Tegeta, bado ana safari nzima mbele yake kabla ya kugonga mlango wa mtu. Akiwa na elfu mbili tu mfukoni, hiyo peke yake ni hadithi.

Kwa hiyo ninapokutana na mtu mwenye kazi yake, huwa nina swali moja ninalolipenda kuliko yote. Simuulizi kazi yako ikoje, kwa sababu atanijibu kama anajaza fomu. Ninamuuliza: wakiionyesha kazi yako kwenye filamu, ni kitu gani kinakuchekesha? Nilimuuliza hivyo mvuvi mmoja pale Kunduchi, kwenye soko la samaki. Hakufikiri hata kidogo.

"Dada yangu, wanavua dagaa mwezi mpevu. Watawapata wapi?"

Akanieleza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Wanaufuata mwanga, wanajikusanya, ndipo wavu unapofanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwaka bahari nzima ina mwanga, taa yako haimwiti mtu. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa wanaingia kazini siku za giza. Siku za mwezi mpevu wengi wanapumzika, wanashona nyavu, wanadaiwa dukani, wanagombana na wake zao.

Hebu fikiria umuhimu wa jibu hilo kwa mtunzi. Wengi tumezoea kwamba mbalamwezi ni ya mapenzi. Kwenye nyumba ya mvuvi wa dagaa, mbalamwezi ni siku ambazo baba yuko nyumbani na hela hakuna. Mke wake anatazama juu, anauona mwezi unanenepa, na anaanza kupiga hesabu ya unga. Hilo huwezi kulipata ukiwa umekaa mezani na mwezi wa kwenye nyimbo. Na ukishalijua, huna haja ya kulieleza kwa aya nzima. Unamwacha mwanamke atoke nje usiku, atazame juu, aguse ndoo ya unga. Msomaji wa pwani atakuelewa, na wa bara atajifunza bila kufundishwa.

Mfano ninaoufikiria zaidi kuliko yote, lakini, hauhusu bahari. Unahusu mahakama, kwa sababu nilianza kazi kwa kuripoti kesi, na kwa sababu ya jirani yetu mmoja hapa Tegeta.

Simtaji jina. Kijana wake alishtakiwa kwa mauaji na alikaa rumande miaka kadhaa kabla ya kuachiwa. Sitasimulia kesi yenyewe, kwani si yangu. Siku moja binti yake mdogo alikuwa anamsomea hadithi aliyoipata kwenye simu. Ilikuwa ni hadithi ya kijana aliyesingiziwa kuua. Kijana alikamatwa Jumatatu, Jumanne mama yake akaenda kumwekea dhamana, Ijumaa wakasimama mbele ya jaji na jopo la raia kumi na wawili, wakili akatoa hotuba, ukumbi ukalia, kijana akaachiwa huru. Binti alipomaliza alikuwa na machozi. Mama hakuwa nayo. Nilikuwa nimekaa nao pale nje, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, huyu aliyeandika hana mtu ndani."

Kila aliyewahi kuripoti mahakamani anajua alichokuwa anasema. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtuhumiwa anafikishwa kwanza mahakama ya chini, anasomewa shtaka, anaambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Anarudishwa rumande mpaka tarehe nyingine, wiki mbili hivi. Siku hiyo ikifika, upelelezi haujakamilika. Inapangwa tarehe nyingine. Mtaani wanasema kesi imepigwa kalenda. Itakuja kufika Mahakama Kuu baadaye, na huko nako hakuna jopo la raia kumi na wawili. Hao tumewaona kwenye filamu za Marekani. Sisi tulirithi utaratibu wa wazee wa baraza, ambao walikuwa wakitoa maoni yao na jaji hakulazimika kuyafuata.

Lakini mama yule hakunieleza utaratibu. Alinieleza kanga.

Kila tarehe ya kesi aliamka saa tisa usiku ili apate daladala za mwanzo, kwa sababu alitaka awe amefika kabla ya karandinga kuingia. Muda wa kumwona mwanawe vizuri ulikuwa ule tu wa kushuka kwenye gari na kuingizwa ndani, hatua chache. Alijifunza karandinga linageukia upande gani na mlango wake unafungukia wapi, akawa anasimama hapo. Na kila tarehe, miaka yote hiyo, alivaa kanga ileile, ili mtoto akishuka asihangaike kumtafuta kwenye umati. Ilipopauka sana akaanza kuifua na kuitunza kwa ajili ya siku hizo tu.

Nimesoma riwaya nyingi zenye wafungwa na mama zao. Sijawahi kukuta kitu chenye nguvu kama ile kanga. Na nimejiuliza, je, mtunzi angeweza kuibuni bila kukutana na mama yule? Nadhani angeweza, kubuni ndiyo kazi yetu. Ila asingeweza kama hajui kwamba zipo tarehe, kwamba zinajirudia kila wiki mbili, na kwamba mtuhumiwa analetwa kwa karandinga. Ile hadithi ya kwenye simu ilimaliza kesi kwa siku tano. Ndani ya siku tano kanga haipauki. Mwandishi alipokosea utaratibu alikosa pia mahali ambapo upendo wa mama ungeonekana, ikabidi aujazie kwa hotuba ya wakili.

Kuna jambo jingine, zito zaidi. Watu wetu wengi sheria hawaijui kwa kusoma sheria. Wanaijua kwa filamu, tamthilia na hadithi. Nimekutana na miswada kadhaa ambayo mzazi anakwenda kituoni, anaulizia "hela ya dhamana", analipa, anamchukua mtoto wake, na hadithi inaendelea kana kwamba amelipia bili ya maji. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ni bure, na vituo vingi vina tangazo ukutani linalosema hivyo. Kama kwenye hadithi yako kuna hela imetoka mfukoni, andika jina lake halisi, kwamba ni rushwa. Sasa una tukio la kweli: nani aliitaja kwanza, waliitaja kwa maneno gani, mama aliitoa wapi, na ameonaje aibu. Ukiiita dhamana umefuta tukio lako mwenyewe, halafu umemfundisha msomaji kwamba akienda kituoni aende na pochi.

Vilevile majeruhi. Mtu amechomwa kisu kwenye ugomvi wa baa, rafiki zake wanamkimbiza hospitali, daktari anamshona, mwisho wa sura. PF3 iko wapi? Ile fomu namba tatu ya polisi, ambayo kila aliyewahi kupeleka mtu aliyepigwa hospitalini anaijua, imesahauliwa. Na rafiki mmoja kati ya wale ndiye mwenye kisu. Sasa nani anakwenda kituoni kuichukua fomu? Unaona? Karatasi moja ya serikali imekufanyia kazi ya sura nzima.

Nikifika hapa huwa naulizwa: kwa hiyo tusibuni? Mbona Shaaban Robert aliandika nchi isiyokuwepo? Ndiyo, na mfano huo unanisaidia mimi. *Kusadikika* haimo kwenye ramani yoyote, wala Karama hakuwahi kushtakiwa kwenye mahakama ya nchi hii. Lakini Kusadikika ina baraza lake, ina namna yake ya kushtaki na kujitetea, na mwandishi hakuuvunja utaratibu huo katikati ili ajirahisishie kazi. Ukibuni nchi yako, sheria ni zako, na unazifuata. Ukiandika "Kunduchi", umeazima mahali pa watu. Unaruhusiwa kuongeza nyumba moja ambayo haipo, mtaa wa kubuni, duka, msikiti mdogo, mjumbe mwenye kitambi. Hakuna atakayekudai. Ila usiligeuze jua, usiyahamishe maji, usibadilishe namna watu wanavyokamatwa na kuzikwa.

Upande wa pili nao una shimo lake. Kuna mwandishi aliyefanya utafiti na anataka tumlipe kwa kutuchosha nao. Mhusika hawezi kupita Mwenge bila kupewa historia ya vinyago. Mama hawezi kukaa mahakamani bila kutajiwa kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: mhusika wangu anajua nini? Kifungu kinachozuia dhamana ni cha wakili. Mama anajua tu kwamba "hii haina dhamana", na anajua mlango wa karandinga unafungukia wapi. Mvuvi hajui jina la kitaalamu la dagaa, anajua mwezi. Wewe mwandishi jua vyote, kisha andika vile tu ambavyo macho na mikono ya mhusika wako yanavifikia. Vingine vikae chini kama msingi wa nyumba. Hauonekani, lakini usipokuwepo ukuta unapasuka.

Na kujua siyo gharama kubwa kama tunavyojisingizia. Kalenda ya miaka iliyopita iko kwenye simu, na itakuambia kama tarehe uliyoichagua kwa harusi ya Waislamu imeangukia katikati ya Ramadhani. Magazeti ya zamani yapo Maktaba Kuu pale mjini, na pale Mlimani nilikosoma kuna mkusanyiko mzima wa Afrika Mashariki. Usisome kurasa za mbele tu. Soma matangazo, bei ya sukari, sinema iliyokuwa inaonyeshwa Avalon au Empire, mtu aliyepoteza kitambulisho. Mengine nenda tu, na nenda saa ileile ya hadithi yako. Hapa kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Ile jioni ndefu ya rangi ya zambarau inayodumu mpaka saa tatu ni ya Ulaya wakati wa kiangazi chao.

Kisha, kabla ya kumpelekea mhariri, mpelekee mtu mmoja anayeishi hayo uliyoyaandika. Asiposoma vitabu, msomee. Mwambie asikusifie. Pale atakapocheka mahali ambapo hukutarajia kicheko, weka alama.

Kwa sasa ninaandika hadithi fupi ya mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji huku kwetu. Nina mwanzo, nina mwisho, na nina kurasa sita ambazo siziamini bado. Jumamosi saa mbili usiku nimeahidiwa kukaa na mzee mmoja kwenye lindo lake mpaka asubuhi. Kwenye daftari nimeandika maswali matano. Anakula saa ngapi, na nani anampikia? Simu anachajia wapi? Mvua ikinyesha anasimama wapi? Akiwa na usingizi kabisa, anafanya nini ili asilale? Na la mwisho, ambalo nadhani ndilo hadithi yenyewe: akisikia kishindo, kabla hajawasha tochi, anafikiria nini?